Boliti za Meneja

Spana iliteleza tena, na mke wa Meneja akaanguka kitako pale pale kwenye kokoto, miguu imetawanyika mbele ya gari. Hakutukana. Alijikung'uta sketi, akasogeza uso karibu na kibao cha namba kana kwamba ana siri ya kukinong'oneza, kisha akaipachika spana kwenye kichwa cha boliti na kuivuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Imesogea?" aliuliza Meneja kutoka mlangoni.

"Imesogea wapi! Ndiyo kwanza inakaza."

Meneja alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na kikombe cha chai iliyopoa zamani, na alijua kwa nini inakaza. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyejua. Mkewe alikuwa akizungusha upande ule ambao boliti za watu wote hulegea, na hizi hazikuwa boliti za watu wote. Uzi wake, ile michirizi inayozunguka boliti, ulikatwa kinyume. Ukitaka kuzifungua, unazungusha kama mtu anayekaza. Ukizungusha kama mtu anayefungua, unazidi kuzibana. Neno moja tu lingetosha: geuza. Alilishikilia mdomoni, akapiga funda la chai baridi, chai ikashuka, neno likabaki.

Na huyu Meneja, tusifichane, hakuwahi kuwa meneja. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda, mtu wa kugawa vipuri na kugonga mihuri, ila alijua kunyoosha shati, na alikuwa na gari. Mtaani kwao gari la mtu binafsi, linaloshwa kila Jumapili na kuegeshwa uso ukitazama barabara, lilitosha kumpa mtu cheo. Kiwanda kilipofungwa unga ukamwagika, mshahara ukaenda zake, jina likabaki. Kila asubuhi aliendelea kuvaa shati la mikono mirefu na kutoka na gari kutafuta kazi. Mafuta yalipomshinda akaanza kutoka kwa miguu, akiwaambia majirani kuwa daktari amemshauri atembee.

Nyumba ililishwa na cherehani ya mkewe. Ni yeye aliyesikia, kwa mteja aliyekuja kupunguziwa gauni, kwamba zahanati ya upande wa pili wa mji inatafuta gari la kuwachukua wagonjwa majumbani kwao na kuwarudisha. Alikwenda mwenyewe, akaonana na muuguzi mkuu, akasema gari lipo, dereva yupo, ni mume wangu, mtu makini. Akarudi na kazi mkononi. Kilichobaki ni usajili tu, maana gari la binafsi haliruhusiwi kubeba abiria wa kulipia, na la biashara lina namba za rangi yake, rangi inayoonekana tangu mwisho wa barabara.

"Sawa," alisema Meneja alipoelezwa. Akasaini karatasi zote kwa ule mwandiko wake mzuri wa stoo. Lakini kuna sawa ya moyoni na kuna sawa ya kumaliza mazungumzo, na mkewe, kwa furaha aliyokuwa nayo siku ile, hakuisikiliza vizuri.

Asubuhi hii walikuwa wameletewa namba mpya, zimefungwa kwenye gazeti, na masharti yake. Za zamani zirudishwe leo leo kabla ofisi haijafungwa, zikiwa nzima. Kibao kikikatwa au kikipasuka, mwenye gari aende polisi akaandikishe taarifa, na kibali cha kubeba abiria kisubiri kwanza. Zahanati nayo ilitaka gari kesho asubuhi, na kulikuwa na bwana mmoja mwenye gari lake aliyekuwa ameshaonyesha leseni na anasubiri nafasi tu.

Kwa hiyo Meneja alikuwa amekaa, akisubiri siku ipite.

*

Lakini hakukaa akatulia. Aliingia ndani, akafungua kabati, hakutafuta kitu, akalifunga. Alitoka akasimama nyuma ya gari. Akarudi ngazini. Alitazama jua, akalitazama tena, kana kwamba lingeweza kusukumwa. Leo ikipita, alijiambia, mambo yatajifia yenyewe. Hakuna atakayesema Meneja alikataa kazi. Boliti ndizo zilizokataa.

Alizifunga mwenyewe, mwaka ule ambao namba za magari zilikuwa zikinyofolewa usiku, na wenye magari wakipigiwa simu wazikomboe. Kiwandani kulikuwa na mashine ya kunolea ambayo jiwe lake la kushoto lilishikwa na nati za kinyume, ili lisijifungue likizunguka, na vipuri vyake vilikuwa kwenye rafu yake. Akapata humo boliti nne za uzi wa kinyume, akamwomba mchomeleaji wa pale azichomelee nati zake nyuma ya bampa, mbele mbili na nyuma mbili. Asubuhi moja alikuta mikwaruzo mipya kwenye vichwa vyake. Mwizi alikuja, akahangaika, akazikaza vizuri, akaenda zake. Meneja alicheka peke yake wiki nzima. Mkewe alimuuliza anacheka nini, akasema hakuna. Hakumficha kwa ubaya. Alipenda tu kuwa na kitu kimoja kwenye gari lile kinachomjua yeye.

"Meneja!" Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara, kwa mwanamke mwenye duka, ambaye hakuna kilichopita mtaani bila kukaguliwa naye. "Mwenzio anatoa jasho, wewe unatoa macho?"

"Mgongo, mama," alisema Meneja, akajishika kiuno. "Umenikamata tangu jana."

Mkewe aliinua kichwa. Alijua vizuri kwamba jana mgongo ule ulibeba gunia la mkaa kutoka kona mpaka jikoni bila kulalamika.

"Ni kweli," alisema kwa sauti, dukani wasikie. "Mgongo wake umemsumbua usiku kucha. Nimemkataza mimi."

Mwenye duka akaridhika, au akajifanya ameridhika. Meneja alihisi masikio yakimwaka moto. Angependa mkewe amgombeze, wagombane mbele ya watu, apate sababu ya kuingia ndani na kupiga mlango. Mwanamke hakumpa nafasi hiyo. Alirudi kwenye boliti yake.

Aliimwagia mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri, akavuta. Akachemsha maji, akayamimina polepole juu ya kichwa cha boliti, akavuta. Akagonga kwa nyundo, taratibu kwanza, kisha kwa hasira. Kichwa cha boliti kilianza kupoteza pembe zake. Spana sasa ilikuwa ikizunguka juu yake kama kijiko ndani ya kikombe. Akabadili, akaenda kwenye boliti ya pili, akaanza upya. Mwishowe akaja mpaka ngazini, akasimama mbele ya mumewe, jasho linamtiririka, nywele zimemkaa kichwani vyovyote.

"Hebu niambie. Wewe ndiye uliyezifunga hizi. Ulizifungaje?"

Hapa ndipo palikuwa mahali pake. Meneja alijua. Swali lilikuwa limekuja lenyewe, limevaa vizuri, limesimama mlangoni. Alichotakiwa ni kulikaribisha. Aliangalia lile gazeti lililofunga namba mpya, akaona kona moja ya rangi ikichungulia. Akajiona amesimama mbele ya geti la mtu aliyewahi kuwa bosi wake, akipiga honi, akishuka kufungua mlango wa nyuma.

"Kawaida tu," alisema. "Nilizifunga kawaida."

"Basi ni kutu."

"Itakuwa kutu."

Mkewe akamwamini. Akageuka, akaenda.

*

Mara iliyofuata spana ilipoteleza, mkono ulikwenda nayo. Ukingo wa kibao ulimchana kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia, pale pale anaposhikia mkasi. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo, na damu ikaanza kudondoka kwenye kokoto.

Meneja alifika kabla hata hajajua kuwa amesimama. Alimwingiza ndani, akamkalisha karibu na cherehani, akamwosha kwa maji ya chumvi, akatafuta kipande cha kitambaa kwenye kapu la vipande, safi, cheupe, akafunga. Gauni la bibi harusi wa watu lilikuwa limetundikwa ukutani, nusu limeshonwa. Wote wawili walilitazama.

"Unaweza kukunja?"

Alijaribu. Uso ukajikunja badala ya vidole.

"Nitashona kwa taratibu," alisema. "Ikianza kazi ya zahanati, nitapumzika kidogo. Au siyo?"

"Pole," alisema Meneja. "Pole sana, mke wangu."

Lile neno lilimpanda mpaka kwenye ulimi. Geuza. Lakini sasa halikuwa tena neno moja. Asubuhi lilikuwa ushauri. Baada ya "kawaida tu" likawa kukiri uongo. Na sasa, damu ikiwa imeloweka kitambaa, kulisema kungekuwa kusema: nimekaa nikikutazama mpaka umeumia. Kadiri alivyochelewa ndivyo lilivyozidi kuwa zito, na kadiri lilivyozidi kuwa zito ndivyo alivyochelewa. Alifunga fundo la kitambaa, akalifungua, akalifunga tena.

"Inatosha," alisema mkewe. "Kamwite Nyundo."

*

Nyundo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mwili mkubwa na maneno mengi, aliyeitwa hivyo kwa sababu kila tatizo alianza kwa kuligonga. Alikuja na grenda yake, mashine ya kukatia chuma, na waya mrefu wa umeme, akaiweka chini, akapiga magoti mbele ya gari, akacheka.

"Shemeji, umeitesa hii boliti. Imebaki kipara."

"Nitolee tu, kaka. Ila kibao kisiguswe."

"Kibao nitakilinda kama yai."

Akatoa plaizi yake ya kubana, akaing'ata boliti, akaibana, akavuta. Gari likatikisika. Akavuta tena, akashusha pumzi, akatazama, akakuna kidevu.

"Hii kitu ya ajabu," alisema. "Inatembea kidogo, halafu inakaza. Kama si upuuzi ningesema uzi wake umegeuzwa."

Kikombe kilimponyoka Meneja, chai ikamwagikia suruali. Hakuna aliyemwangalia.

"Inawezekana?" aliuliza mkewe.

"Kwenye mashine, ndiyo. Kwenye namba ya gari?" Nyundo alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Mwendawazimu gani atahangaika kuweka boliti ya kinyume kwenye namba ya gari? Hii ni kutu tu, imeingia na kukaa. Tukate."

"Ukikata kichwa, kibao kitapona?"

Nyundo hakuwa mwongo. Aliinama, akapima kwa jicho. "Kichwa kimelala kabisa juu ya kibao. Jiwe la grenda litakula na kibao. Kidogo."

"Hata kidogo hawataki."

"Basi, shemeji, uamuzi wako."

Mke wa Meneja alisimama akitazama barabara. Jua lilikuwa limeshavuka paa la duka. Alitoa simu kwa mkono wa kushoto ampigie muuguzi mkuu, akaibonyeza vibaya, akaanza upya, akaiweka sikioni. Meneja alikuwa mahali ambapo angeweza kwenda ndani. Hakwenda.

"Dada, shikamoo. Mimi, mama wa gari... Ndiyo... Ndiyo, dada, najua ni kesho." Akasikiliza kidogo. "Naomba siku mbili tu. Tumekwama na namba za zamani, hazitoki... Hapana, dereva yupo. Kosa ni langu mimi, sikujipanga mapema." Alimpa Meneja mgongo, akashusha sauti, lakini si kiasi cha kutosha. "Mume wangu amehangaika nazo tangu asubuhi, dada, mpaka namwonea huruma. Huyu mtu anaitaka hii kazi. Hujui tu anavyoitaka. Usimpe mwingine, nakuomba, utamvunja moyo."

Nyundo aliangalia pembeni, kwa adabu, kama watu wanavyofanya mtu anapolia mbele yao. Meneja alisimama na suruali yake iliyolowa chai. Tangu kiwanda kifungwe alikuwa ameona aibu za kila namna: aibu ya kukopa, aibu ya kuulizwa unafanya wapi siku hizi, aibu ya kupewa kiti na watu wanaomhurumia. Hakuna iliyomchoma kama hii ya kusifiwa. Mkewe alikuwa akimpamba mbele ya mtu asiyemjua, kwa mkono uliofungwa kitambaa, na alikuwa akiyaamini anayoyasema.

Aliondoka ngazini, akampokonya Nyundo ile plaizi, hata samahani hakusema.

"Meneja, taratibu, mgongo..."

Alipiga goti. Akaibana boliti, akavuta upande wa kukaza. Kwa jinsi ilivyokuwa imekazwa tangu asubuhi ilikataa kwanza, ikalia kama bawaba, halafu ikaachia. Akazungusha tena, ikaja. Akatupa plaizi, akamalizia kwa vidole. Boliti ikamwangukia kiganjani, nyeusi, imejaa mafuta. Akaenda kwenye ya pili. Ikaja. Akazunguka nyuma ya gari, ambako hapakuwa pameguswa na mtu, akachukua spana ya kawaida, na hizo mbili zilitoka kirahisi, bila sauti.

Nyundo alianza kucheka. "Kumbe kweli ni za..." Kisha akamtazama yule mwanamke, akaacha kucheka, akaanza kukunja waya wake ambao hakuna aliyemwomba aukunje.

"Dada, nakupigia," alisema mke wa Meneja kwenye simu. "Subiri. Nakupigia sasa hivi."

*

Walikuwa nyuma ya gari, wawili tu. Meneja alishika vibao viwili vya zamani, vizima, havina hata mkunjo.

"Ulikuwa unajua," alisema mkewe.

"Nilikuwa najua."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema kawaida tu."

Meneja alitikisa kichwa kukubali. "Niliona aibu," alisema. "Si kazi yenyewe. Hizo namba. Watu wataziona kabla hawajaniona mimi."

"Ungeniambia."

"Ungekasirika."

"Ningekasirika, ndiyo! Ningekupigia kelele mtaa mzima usikie. Kisha tungekaa, tungetafuta dereva mwingine, au tungeliuza hilo gari, sijui, tungefanya kitu. Lakini nisingekuwa peke yangu." Aliinua mkono uliofungwa, si kwa kumwonyesha, bali kwa kupangusa uso, akakumbuka, akaushusha. "Nimehangaika na kutu, kumbe nahangaika na wewe."

Meneja alikuwa amejisikia vibaya mara nyingi maishani, lakini siku zote kulikuwa na mtu wa kumlaumu, kiwanda, serikali, bahati. Leo alizunguka kichwani akimtafuta huyo mtu, akajikuta mwenyewe.

"Nifunge hizi mpya?" aliuliza hatimaye.

"Funga."

Alifungua gazeti. Rangi ilijitokeza yote, kali zaidi ya alivyoikumbuka. Aliweka kibao mahali pake, akainama kuokota boliti zake pale chini, zile mbili ambazo vichwa vyake vilikuwa bado vizuri, akazipangusa kwa shati. Ilikuwa mazoea tu.

"Si hizo," alisema mkewe.

"Wezi bado wapo."

"Nimesema si hizo. Weka za kawaida."

"Nati zake zimechomelewa huku nyuma, za kawaida hazitaingia."

Mkewe alimwita Nyundo, aliyekuwa bado mbele ya gari, ameshakunja waya mara mbili. "Kaka, hiyo grenda yako si ipo? Kata nati zote zilizochomelewa nyuma ya bampa. Mbele na nyuma. Halafu nitafutie boliti za kawaida, zinazofunguka kama zinavyofunguka za watu."

Grenda ikalia, cheche zikaruka, mwenye duka akatoka mpaka barabarani kuangalia. Nati zikadondoka moja moja kwenye kokoto. Nyundo alipekua kopo lake la makorokoro, akapata boliti ndogo zisizofanana, zenye nati zake za kawaida, akazimimina kwenye kiganja cha Meneja bila utani. Meneja alifunga kibao cha mbele, akafunga cha nyuma, akakaza kila moja kwa makini, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya kazi vibaya. Kisha akasimama kando, akasubiri waondoke kurudisha namba za zamani. Jua lilikuwa limeinama, na ofisi haikuwa karibu.

Mkewe hakwenda mlangoni. Aliokota spana kwa mkono wa kushoto, ule ambao haukuwa na nguvu, akapiga magoti mbele ya gari. Alifungua boliti ya kwanza, upande wa kawaida, mpaka ikatoka yote. Akautazama uzi wake kwenye mwanga, akairudisha, akaikaza. Akafungua ya pili. Nyundo alitaka kumsaidia, mwanamke akamzuia kwa jicho. Akamaliza za mbele, akainuka, akazunguka, akapiga magoti nyuma.

"Tutachelewa," alisema Meneja kwa sauti ya chini. "Zote ni za kawaida. Naapa."

"Nakusikia," alisema mkewe, na akaendelea kufungua.